Chuo cha Mtaa Chini ya Bango la Chuo Kikuu

Mutanga Sud, katika zoni ya Rohero, ni mtaa ambao jina lake limebebwa na chuo kikuu kongwe cha nchi. Makao makuu ya Chuo Kikuu cha Burundi yako katika kampasi ya Mutanga, na mwanafunzi akisema anasoma Mutanga hakuna mkazi wa Bujumbura anayemuuliza zaidi. Upande wa chini ni Nyakabiga, ambako wanafunzi wamejaa vyumba vya kupanga. Upande mwingine ni korongo la mto Ntahangwa, ambao msimu wa mvua humega kingo zake na kuzisogelea nyumba za watu. Juu mlimani ni Kiriri, kampasi nyingine ya chuo hichohicho, ndani ya majengo ambayo Wajesuiti waliyajenga miaka ya 1950 kwa ajili ya Kolegi ya Roho Mtakatifu. Mgeni akitazama ramani atadhani kijana aliyezaliwa hapa hana haja ya kuhangaikia masomo. Kumbe kuwa jirani wa chuo kikuu ni jambo moja, na kuwa na chuo cha jirani ni jambo jingine.

Mzazi wa hapa akiketi na mwanawe aliyefaulu mtihani wa serikali kupanga masomo ya mbele, huvilinganisha vyuo kwa mambo manne. Minervali, yaani ada, ni kiasi gani, na inalipwa kwa awamu ngapi? Masomo ni ya mchana au ya jioni? Yanatolewa kwa Kifaransa peke yake, au na Kiingereza pia? Na diploma yake serikali inaitambua? Ni maswali ya busara, na sioni sababu ya kuyadharau. Ila yanavichukulia vyuo vyote kuwa kitu cha aina moja kinachotofautiana kwa bei na saa tu. Kila chuo kimezaliwa ndani ya mapokeo fulani ya elimu, na mapokeo hayo ndiyo yaliyoamua zamani nani aingie, afundishwe kwa lugha gani, na, jambo linalonigusa zaidi, anayeishia njiani aondoke na nini mkononi.

Nianze na mapokeo ya hapa. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura kilianza mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, na miaka ya 1970 kikaunganishwa na Shule ya Juu ya Ualimu na ile ya Utawala hadi kikaitwa Chuo Kikuu cha Burundi. Mpangilio wake ulikuwa wa Kibelgiji: miaka miwili ya kandidatura, kisha lisansi, yaani shahada. Aliyeanguka alirudi kufanya kikao cha pili. Aliyeanguka tena alirudia mwaka au alifungasha. Kandidatura ilikuwa ngazi ya kupandia tu, haikuwa mahali pa mtu kusimama. Aliyeishia hapo alirudi nyumbani akiwa na kile alichotoka nacho sekondari, pamoja na miaka miwili iliyopotea na aibu mbele ya ndugu waliomchangia nauli.

Chini ya chuo kikuu, Wabelgiji waliacha ngazi nyingine ya vyeti inayotambulika kwa herufi na namba: D7 kwa mwalimu, A2 kwa fundi na muuguzi, A1 juu yake. Hadi leo Bujumbura mtu hutambulishwa hivyo, muuguzi wa A2, fundi wa A2, na mshahara wa serikali hufuata herufi hizo. Ngazi hii ingeweza kuwa mzizi wa vyuo vya kati vyenye heshima. Badala yake ikawa alama ya mahali mtu alipokwama, kwa sababu kutoka A2 kwenda juu hapakuwa na daraja la wazi. Aliyetaka kupanda alianza upya pamoja na watoto waliotoka shule jana.

Na nchini Burundi suala la nani anaingia chuoni halikuwahi kuwa la maarifa peke yake. Mwaka 1972 wanafunzi Wahutu walitolewa madarasani na kuuawa. Juni 1995 wengine waliuawa usiku ndani ya kampasi ya Mutanga yenyewe. Huwezi kuandika juu ya vyuo vya mtaa huu ukaruka hilo. Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000, ambao mpatanishi wake wa kwanza alikuwa Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, uligusa usawa wa nafasi za masomo kwa sababu kila aliyeketi mezani alijua kwamba orodha ya walioingia chuo kikuu leo ndiyo orodha ya watakaotawala kesho. Nchi inapokuwa na mlango mmoja mwembamba wa kupandia, watu hugombania mlango huo hadi kuuana.

Tukio jingine linanirudia kila ninapofikiria umbo la chuo kile. Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano ya kisiasa yalipoanza mjini, chuo kikuu kilifungwa na mabweni nayo yakafungwa. Mamia ya wanafunzi wa kutoka mikoani hawakuwa na pa kwenda. Walipiga kambi kando ya ubalozi wa Marekani kwa wiki kadhaa, wakilala chini ya maturubai, hadi polisi walipowafukuza Juni na wengi wao wakapenya hadi ndani ya uwanja wa ubalozi. Chuo kilikuwa kimekusanya watoto wa nchi nzima kwenye mji mmoja, kikawafanya wategemee bweni na burse, yaani ufadhili wa masomo, kwa kila kitu, na siku mlango ulipofungwa hawakubaki na chochote cha kushika. Burse yenyewe baadaye iligeuzwa kuwa mkopo wa kurudishwa. Wakati huohuo, dada mwenye duka la vocha Nyakabiga, umbali wa dakika chache kwa miguu, aliyemaliza sekondari na kukosa alama, hakuwa na darasa hata moja ndani ya ukuta ule ambalo lingempokea saa kumi na mbili jioni.

Milango mingine ilifunguka wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Chuo Kikuu cha Ngozi kilianza mwaka 1999 kule kaskazini. Mwaka huohuo Shule ya Juu ya Ualimu ilirudi kusimama peke yake. Chuo Kikuu cha Lumière kilianza Bujumbura mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Ziwa Tanganyika ni cha kipindi hichohicho. Hope Africa, chuo cha Kanisa la Free Methodist, kilizaliwa Nairobi mwaka 2000, kikahamia Bujumbura miaka michache baadaye kikiwa na Kiingereza kando ya Kifaransa. Vikafuata vingine vingi, hata leo mtu akipita mjini husoma mabango ya vyuo vikuu juu ya nyumba ambazo zamani zilikuwa makazi ya watu.

Ofisi zinapofungwa ndipo kazi ya vyuo hivi inapoonekana. Wanaoingia darasani ni makarani, wauguzi wa A2, walimu wa D7 wanaotaka ngazi ya juu, askari, akina mama wenye biashara. Wanasoma usimamizi, uhasibu, sheria, afya ya jamii, kompyuta. Wanalipa minervali kwa awamu, na anayechelewa kulipa husubiri nje wenzake wakifanya mtihani. Wengi wa walimu wao ni walewale wa chuo cha serikali, waliofundisha asubuhi kampasini na sasa wanazunguka mjini wakiwa na mkoba uleule na silabasi ileile.

Nasema wazi: hivi ni vyuo vya jamii vilivyotundikiwa bango la chuo kikuu. Sisemi hivyo kwa kuvishusha. Ukivipima kama vyuo vikuu, kwa maabara, maktaba, utafiti na maprofesa wa kudumu, vingi vitaanguka, na kila mwaka vinaangushwa hivyo katika mazungumzo ya wasomi. Ukivipima kwa kazi ya mtaa, yaani kumpokea mtu mzima alipo, kwa saa anazoweza, bila kumng'oa kazini na nyumbani, vimefanya jambo ambalo chuo cha serikali hakikulifanya katika miaka yote tangu 1964. Tatizo ni kwamba vinafanya kazi ya aina moja vikitoa ahadi za aina nyingine. Anayeingia anaambiwa njoo upate bakaloria, yaani shahada ya kwanza, kwa hiyo anayeondoka kabla ya bakaloria hahesabiwi popote. Mlango wa kuingia ni wa chuo cha jamii. Mlango wa kutokea umebaki wa Kibelgiji.

Marekani walilikuta suala hili mapema. Mwaka 1901 J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari ya mji wa Joliet katika jimbo la Illinois, na William Rainey Harper, rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, walikubaliana kuongeza miaka miwili ya masomo ya juu palepale sekondarini, ili vijana wa mji waanze chuo bila kuhama kwao. Wa kwanza walikuwa wanafunzi sita. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza vyuo vya namna hii, vinavyoitwa vyuo vya jamii, vienee nchini kote, na vikaenea. Nguzo zake ni tatu: mtu haulizwi alama za juu ili aingie, sehemu ya fedha hutoka katika kodi ya eneo lenyewe, kwa hiyo wakazi wana sauti, na miaka miwili ina shahada yake fupi inayosimama yenyewe, ambayo pia mtu anaweza kuibeba hadi chuo kikuu akaingia mwaka wa tatu.

Wapo Warundi wanaovijua vyuo hivi kwa miguu yao. Kati ya waliokimbia mwaka 1972 na kuishi kambini Tanzania kwa zaidi ya miaka thelathini, maelfu walihamishiwa Marekani kuanzia mwaka 2007 hivi. Walifika wakiwa na Kirundi na Kiswahili, wengi bila cheti chochote cha shule. Kwa watu wa namna hiyo chuo kikuu cha Kimarekani ni mbali kama mwezi, lakini chuo cha jamii hufundisha Kiingereza cha watu wazima, humwandaa mtu kwa cheti cha sekondari alichokikosa, kisha humpeleka kwenye uuguzi wa ngazi ya chini au ufundi wa magari, vyote chini ya paa moja.

Hata hivyo mapokeo haya yana ufa wake tangu msingi. Harper mwenyewe alikuwa na shauku ya kuiondolea Chicago mzigo wa wanafunzi wa miaka ya mwanzo, ili chuo chake kibaki na utafiti na wale walio tayari. Mwaka 1960 mwanasosholojia Burton Clark aliandika, baada ya kuchunguza chuo kimoja cha California, kwamba kazi mojawapo ya vyuo hivi, isiyosemwa, ni kuwapoza watu taratibu: kumpokea kila mwenye ndoto ya chuo kikuu, kisha kumwelekeza polepole kwenye kozi fupi hadi aikubali nafasi ndogo kana kwamba aliichagua. Wengi wanaoingia wakisema watahamia chuo kikuu hawafiki. Hilo nalichukua kwa uzito, kwa kuwa Burundi inajua vizuri maana ya kumwambia mtoto wa watu fulani kwamba ufundi unamtosha. Chuo cha mtaa bila daraja la kwenda juu ni njia ya adabu ya kumfungia mtu mlango.

Mapokeo yaliyo karibu nasi zaidi, kwa ardhi na kwa lugha, ni ya Tanzania. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Wazo lilitoka Skandinavia, na mzizi wake ni Denmark, katika fikra za mchungaji N. F. S. Grundtvig na shule ya kwanza iliyofunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa ajili ya vijana wa wakulima: shule ya kuishi pamoja, bila mtihani wa kuingia wala wa kutoka, ambamo mtu mzima hujifunza kwa mazungumzo juu ya nchi yake na kazi yake. Nyerere, ambaye mwaka 1967 alikuwa ameandika juu ya elimu ya kujitegemea, aliliona jambo hilo linafanana na alichokuwa akikitafuta vijijini. Vyuo hivi leo vimezidi hamsini. Kasulu kipo kimoja na Kibondo kipo kingine, wilaya mbili za Kigoma ambazo Mrundi yeyote anazifahamu kwa sababu ya kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta.

Ninavistaajabia vyuo hivi kwa jambo moja kuliko yote: lugha. Mtu aliyeishia darasa la saba anajifunza useremala, uashi, umeme wa majumbani, ushonaji au ufugaji kwa Kiswahili, lugha anayonunulia na kuuzia. Hakuna anayemfanya ajione mjinga kabla hajashika randa. Linganisha na Bujumbura. Buyenzi na Bwiza, mitaa ya Waswahili, hufanya biashara zake kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Kiswahili kimeingia katika shule za msingi za Burundi tangu katikati ya miaka ya 2000. Nchi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007. Lakini fundi wa Buyenzi anayetaka kujifunza uhasibu wa duka lake jioni atafundishwa kwa Kifaransa, au kwa Kiingereza akienda kwingine. Kirundi anachoota nacho na Kiswahili anachopigia hesabu vinabaki nje ya mlango. Chuo kinachodai kuwa cha jamii kinapaswa kuanzia hapo, hata kabla ya kufikiria majengo.

Kuna la pili. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, hadi serikali iliporuhusu kurudi Novemba 2021. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilikuwa kati ya sehemu chache zilizompokea kabla ya hapo. Chini ya programu inayoitwa Elimu Haina Mwisho, mama kijana huja na mtoto wake. Mtoto hukaa katika malezi ya watoto wadogo palepale chuoni, na mama huendelea na sekondari aliyoikatisha pamoja na fani ya mikono. Sijaona katika mapokeo ya Kibelgiji, kule Ulaya wala hapa, chuo kilichomfikiria mwanafunzi kuwa mtu mwenye mtoto mgongoni. Mwanafunzi wa mapokeo hayo ni kijana wa kiume asiye na mzigo, hata pale asipotajwa.

Na udhaifu? Upo, na si mdogo. Fedha za Sweden zilipopungua majengo yalichakaa, vyuo vikahamishwa kutoka wizara moja hadi nyingine, na ile fahari ya Grundtvig ya kutokuwa na mtihani ikawageukia wahitimu: mwajiri wa Mwanza anataka karatasi. Ilibidi fani zifungamanishwe na mitihani ya ufundi ya taifa. Katika Denmark ya 1844 mkulima alirudi shambani kwake, ardhi ikiwa mali yake, hakuhitaji kumwonyesha mtu cheti. Kijana wa Kasulu anatafuta kazi kwa mtu mwingine. Mbegu moja haikuota namna moja.

Lakini Tanzania ina mapokeo ya pili ambayo hayasifiwi sana, labda kwa sababu yanaonekana ya kikaratasi: vyuo vya kati. Chini ya mfumo wa tuzo za ufundi, uliojengwa tangu sheria ya mwaka 1997, mwanafunzi wa uhasibu au wa maabara hupita ngazi ya 4, kisha ya 5, kisha ya 6 ambayo ni stashahada, na kila ngazi ina cheti chake. Akiugua, akifiwa, akikosa ada baada ya mwaka mmoja, ana astashahada ya ngazi ya 4, na akirudi miaka mitano baadaye ataanzia ngazi ya 5. Stashahada yake, alama zikitosha, humwingiza chuo kikuu. Ni utaratibu mkavu wa kiofisi usio na mchungaji wa Kidenishi wala rais wa Chicago nyuma yake, na kwa maoni yangu ndio unaomheshimu mwanafunzi maskini kuliko mengine yote niliyoyataja. Unakubali kwamba maisha yatamkatiza, na unajiandaa kwa hilo.

Kenya inatufundisha jambo jingine, na ni onyo. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti juu ya maelfu ya watoto waliomaliza shule ya msingi bila mahali pa kwenda, na kutokana nayo zikazaliwa politekniki za vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi wa wilaya mbalimbali walichanga, kwa harambee, kujenga taasisi zao za teknolojia. Watafiti E. M. Godfrey na G. C. M. Mutiso, walioandika juu ya taasisi hizo mwaka 1974, waliona ndani yake ushindani wa maeneo: kila wilaya ilitaka kujenga ya kwake haraka ili serikali ishindwe kukataa kuichukua. Mkoa wa Magharibi ulijenga chuo cha WECO, Kakamega, mwaka 1972. Watu walitoa walichokuwa nacho kwa ajili ya chuo cha watoto wao. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

Mombasa hadithi yake ni ndefu na tamu zaidi. Miaka ya 1940 viongozi wa Waislamu wa Afrika Mashariki waliona vijana wao wamebaki nyuma katika ufundi. Aga Khan na Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, walikuwa miongoni mwa waliotoa fedha, serikali ya kikoloni ikaongeza, na mwaka 1951 Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa ikapokea wanafunzi wa kwanza, kutoka pwani na kutoka nchi jirani, wajifunze umeme, useremala na mambo ya bahari. Hicho kilikuwa chuo cha jamii kwa maana kamili: kilikuwa na wenyewe, kilijua kinamlenga nani, na kilifundisha kazi za mji wa bandari. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Ufundi kwa watu wote, 1972 kikawa Politekniki, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Kila hatua hiyo ilisherehekewa, na wakazi wenyewe ndio waliosherehekea kwa sauti kubwa. Sithubutu kumlaumu mzee wa Kakamega aliyechanga kuku na shilingi, akafurahi kuona chuo chake kimepata hati ya chuo kikuu. Ila chuo kinapopandishwa, nguvu yake huhamia juu: wahadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, fedha hufuata shahada, na kozi ya fundi bomba husukumwa pembeni. Kenya ililiona pengo hilo, ikalazimika kuanza tena kujenga vyuo vya ufundi katika maeneo bunge. Kongo nayo ilipitia njia hiyo: Taasisi ya Taifa ya Ualimu ya Kinshasa, iliyoanza 1961, ilifanywa chuo kikuu mwaka 2005, huku taasisi za juu za ualimu kama ile ya Bukavu zikibaki na daraja lao na kuendelea kuipatia mikoa walimu.

Burundi iliruka hatua. Vyuo vyetu vya binafsi havikupandishwa. Vilizaliwa vikiwa na hati ya chuo kikuu, hata vile vilivyoanza kwa madarasa machache ndani ya nyumba ya kupanga. Vingefanya nini? Ngazi ya mishahara ya serikali inafuata diploma, na mzazi anayeuza ng'ombe ili alipe minervali hatamuuza kwa ajili ya karatasi isiyo na safu yake katika ngazi hiyo. Upande wa chini kuna vituo vya ufundi vya serikali na vya mashirika, lakini familia huwapeleka humo watoto walioshindwa mtihani wa mwaka wa tisa, na watoto wanajua kwa nini wamepelekwa. Kati ya kituo cha ufundi na chuo kikuu pako wazi.

Hata hivyo tusidhani Burundi haina mapokeo yake ya elimu ya jirani. Vizazi vya wakulima vimejua kusoma kupitia Yaga Mukama, madarasa ya Kanisa Katoliki yaliyofundisha kusoma Kirundi pamoja na katekisimu, bila sare na bila minervali ya maana. Na ng'ambo ya Ntahangwa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wamisionari Waksaveri walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge kwa ajili ya mitaa ya kaskazini: maktaba, michezo, kozi fupi, Wahutu na Watutsi pamoja, wakati ambapo mitaa hiyo ilikuwa ikigawanywa kwa damu. Hakikutoa diploma. Kilitoa kitu ambacho kampasi ya Mutanga ya mwaka 1995 haikuweza kuwapa wanafunzi wake, usalama wa kukaa benchi moja. Ninapovilinganisha vyuo, nakiweka kituo kile katika orodha bila kusita.

Mageuzi ya BMD (bakaloria, masta, doktora), yaliyoingizwa kwa sheria ya mwaka 2011, yamekwisha kutupa chombo ambacho kandidatura haikuwa nacho. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, bakaloria ni 180. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo, tangu 2015, ina mfumo wa sifa wa ngazi nane unaovitambua vyeti na stashahada vilivyo chini ya shahada. Hivyo hesabu ipo. Kinachokosekana ni wizara kukubali kuidhinisha rasmi cheti cha krediti 60 na diploma ya krediti 120, kuzipa safu katika ngazi ya mishahara, na kukilazimisha chuo cha serikali kumpokea mwaka wa tatu aliyezipata jioni katika nyumba ya kupanga. Vyuo vya binafsi vitapinga, kwa sababu mwanafunzi anayeweza kuondoka na kitu ni mwanafunzi anayeweza kuhama. Chuo cha serikali kitapinga pia, kwa kuhofia kiwango chake, na hofu hiyo ina msingi: itabidi mtihani wa pamoja wa kupimia krediti hizo, na walimu wa pande zote mbili wausahihishe pamoja. Kwa kuwa ni walimu walewale, sioni ugumu mkubwa.

Mpaka hapo patakapofikiwa, mzazi wa Mutanga Sud anaweza kuongeza swali la tano kwenye yale manne, na kuliuliza dirishani kabla ya kulipa awamu ya kwanza: mwanangu akiishia mwaka wa pili, mtamwandikia nini, na ni chuo gani kingine, hapa au Kigoma au Bukavu, kitakachoipokea karatasi hiyo? Na adai jibu kwa maandishi, lenye muhuri.